Tarakimu zikichezewa: kutoka 6174 ya Mwalimu Kaprekar mpaka 196 isiyo na jibu

Wadau, leo tupumzike kidogo na siasa. Chukueni kalamu na karatasi, hata nyuma ya risiti ya dukani panatosha, tufanye hesabu za shule ya msingi. Nawaahidi kitu kimoja: kwa kujumlisha na kutoa tu, tutafika mahali ambapo hakuna profesa yeyote duniani anayejua jibu.

Nimeandika hii kwa sababu ya mpwa wangu. Yuko darasa la sita, na juzi aliniuliza, "Mjomba, hivi hisabati imeshaisha?" Alikuwa na maana kwamba kila kitu kimeshagunduliwa, kiko kwenye kitabu, na kazi iliyobaki ni kukariri usichapwe. Nikamjibu haraka haraka kuwa haijaisha. Akaniambia, "Nionyeshe basi." Nilichomwonyesha ndicho hiki hapa.

Kabla ya kuanza tukubaliane neno moja. Tarakimu ni zile alama kumi, 0 mpaka 9, tunazoandikia namba. 1961 ni namba moja, ila ina tarakimu nne. Na mfuatano ni namba zilizopangwa kwa kanuni fulani, moja inafuata nyingine. Leo tunaangalia mifuatano inayozaliwa kwa kuchezea tarakimu zenyewe: kuzipanga upya, kuzigeuza, kuzijumlisha, kuzizidisha, hata kuzisoma kwa sauti.

ANZA NA MWAKA WA UHURU

Chukua namba yoyote ya tarakimu nne. Sharti ni moja tu, zisiwe zote zinafanana kama 7777. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, halafu zipange kutoka ndogo kwenda kubwa, kisha toa. Jibu utakalopata lifanyie vivyo hivyo, uendelee. Ikitokea sifuri usiitupe, ni tarakimu kama nyingine.

Tuchukue 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika:

9611 - 1169 = 8442
8442 - 2448 = 5994
9954 - 4599 = 5355
5553 - 3555 = 1998
9981 - 1899 = 8082
8820 - 0288 = 8532
8532 - 2358 = 6174

Ukiendelea na 6174 unapata 7641 - 1467 = 6174. Imenasa hapo hapo, haitoki.

Sawa, labda ni bahati ya 1961. Jaribu 1963, mwaka wa uhuru wa Kenya: 8262, 6354, 3087, 8352, 6174. Jaribu 1964, mwaka wa Muungano: 8172, 7443, 3996, 6264, 4176, 6174. Jaribu mwaka wako wa kuzaliwa, au tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu. Zote zinaishia 6174, na hakuna inayozidi hatua saba. Yaani 1961 tuliyoanza nayo ni kati ya zile zinazochelewa kuliko zote.

KWA NINI LAZIMA IFIKE

Hapa wengi huwa wanasema "maajabu" halafu wanaishia hapo. Tusiishie hapo, kwa sababu sababu yenyewe ni nyepesi.

Unapotoa, kuna vitu viwili tu vinavyoamua jibu. Cha kwanza ni tofauti kati ya tarakimu kubwa kabisa na ndogo kabisa. Cha pili ni tofauti kati ya zile mbili za katikati. Zidisha ya kwanza kwa 999, ya pili kwa 90, jumlisha. Kwa 1961: 9 - 1 ni 8, na 6 - 1 ni 5. 8 mara 999 ni 7992, 5 mara 90 ni 450, jumla 8442. Ni lile lile jibu letu la hatua ya kwanza.

Sasa tofauti ya kwanza inaweza kuwa 1 mpaka 9, na ya pili haiwezi kuizidi ya kwanza. Ukihesabu jozi zote zinazowezekana unapata 54. Maana yake ni kwamba namba zote 9,990 zinazoruhusiwa, kuanzia 0001, zikipita hatua moja tu zinabanwa zinabaki majibu 54. Ukikagua hayo 54 moja moja, kazi ya jioni moja, utaona yote yanateremka mpaka 6174. Huo ni uthibitisho kamili.

Tena 999 na 90 zote zinagawanyika kwa 9. Ndiyo maana kila jibu hapo juu linagawanyika kwa 9, na ukijumlisha tarakimu zake unapata 18 au 27. Angalia mwenyewe: 8442, 5994, 5355, 1998.

Kwa tarakimu tatu mambo ni hayo hayo, zinaishia 495. Kwa tarakimu mbili hazitulii, zinazunguka: 81, 63, 27, 45, 09, kisha 81 tena. Kwa tarakimu tano nako hakuna namba moja ya kunasia, kuna mizunguko tu. Kwa hiyo 6174 siyo kanuni ya kila mahali. Ina uwanja wake.

MWALIMU WA DEVLALI

Aliyegundua hili anaitwa D. R. Kaprekar. Alizaliwa mwaka 1905 Dahanu, magharibi mwa India. Alisoma chuo cha Fergusson mjini Pune na akapata shahada ya kwanza mwaka 1929. Hakuwa na shahada ya juu zaidi ya hiyo. Kuanzia 1930 mpaka alipostaafu 1962 alikuwa mwalimu wa shule huko Devlali, mji mdogo karibu na Nashik.

Hakuwa na maabara, hakuwa na ofisi ya chuo kikuu, na kompyuta ndiyo kabisa. Alikuwa na chaki na karatasi. Mambo yake mengi aliyachapisha kwenye vijarida vidogo kwa gharama zake mwenyewe. Hiyo 6174 aliieleza kwenye mkutano wa wanahisabati mjini Madras mwaka 1949. Wanahisabati wengi wa kwao hawakumtilia maanani, walimwona mtu wa mafumbo tu. Jina lake lilisikika duniani mwaka 1975, pale Mmarekani Martin Gardner alipomwandika kwenye safu yake ya michezo ya hisabati katika jarida la Scientific American. Wakati huo mzee alikuwa na miaka 70 hivi. Alifariki 1986.

FAMILIA ZA NAMBA ALIZOACHA

6174 ndiyo maarufu, ila Kaprekar aliacha zaidi ya hapo. Hizi tatu ni muhimu kwa mtu anayetaka kuijua mada hii.

Ya kwanza inaitwa kwa jina lake, namba za Kaprekar. Chukua 45. 45 mara 45 ni 2025. Ikate katikati: 20 na 25. Jumlisha: 45. Imerudi nyumbani. 55 nayo vile vile: 3025, 30 na 25, jumla 55. 297 mara 297 ni 88209, na 88 ukijumlisha na 209 unapata 297. Mfuatano wake unaanza 1, 9, 45, 55, 99, 297, 703, 999. Waliokuwa macho mwaka 2025 waliona kuwa mwaka wenyewe ulikuwa 45 mara 45.

Ya pili aliipa jina la Kisanskriti, Harshad, maana yake mleta furaha. Ni namba inayogawanyika bila kubaki kwa jumla ya tarakimu zake. 18 ni Harshad kwa sababu 1 + 8 ni 9, na 18 inagawanyika kwa 9. 1729 nayo imo: jumla ya tarakimu ni 19, na 19 mara 91 ni 1729. Zinaanza 1 mpaka 10 zote, kisha 12, 18, 20, 21, 24, zinaendelea bila mwisho. Swali la mtoto hapa ni hili: zinaweza kufuatana ngapi mfululizo bila kukatika? Mwaka 1993 wanahisabati Cooper na Kennedy walithibitisha kuwa haziwezi kuzidi 20 mfululizo. Swali jepesi, jibu lilisubiri miaka.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda mimi. Chukua 15, jumlisha tarakimu zake, 6, ongeza kwenye 15, unapata 21. Kwa hiyo 15 ni mzazi wa 21. Endelea: 21, 24, 30, 33, 39, 51, 57, 69, 84, 96, 111. Sasa tafuta mzazi wa 20. Tafuta mpaka uchoke, hana. 20 ni yatima, haikuzaliwa na namba yoyote. Mayatima wanaanza 1, 3, 5, 7, 9, halafu 20, 31, 42, 53, 64, 75, 86, 97. Umeona wanavyoruka kwa 11? Baada ya hapo wanaingia 108, 110, 121 na mpangilio unavurugika. Kaprekar aliziandikia kijitabu mwaka 1963, na zina jina jingine la heshima: namba za Devlali. Yaani mji mdogo wa mwalimu uliingia kwenye hisabati kwa mlango wa nyuma.

"HUO NI MCHEZO TU"

Sasa tusikilize na upande wa pili, maana haki ndivyo ilivyo.

Mwaka 1940 Mwingereza G. H. Hardy, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake, aliandika kitabu cha kuitetea kazi yake. Humo alitoa mifano ya mambo ambayo kwake siyo hisabati ya maana. Kwa mfano, 8712 ni 2178 iliyogeuzwa, na ni mara nne yake. 9801 ni 1089 iliyogeuzwa, na ni mara tisa yake. Au kwamba ukiacha 1, namba zilizo sawa na jumla ya tarakimu zake kila moja ikizidishwa yenyewe mara tatu ni nne tu: 153, 370, 371 na 407. (Hakiki 153: 1 + 125 + 27.) Kwake hayo yalifaa kurasa za mafumbo za magazeti, hayamfundishi mwanahisabati kitu.

Hoja yake ina uzito, tusiibeze. Sisi tunaandika namba kwa makumi kwa sababu, inavyoelekea, tuna vidole kumi. Tungekuwa na vidole vinane tungeandika kwa manane, na 6174 isingekuwa na ujiko wowote. Namba tasa kama 7 au 13 inabaki tasa hata ukiiandika kwa namna gani. 6174 siyo hivyo. Sifa yake iko kwenye maandishi, haiko kwenye wingi wenyewe. Kwa hiyo Hardy anasema mnachunguza nguo, mtu mwenyewe hamumjui.

Hardy alikuwa sahihi kwa mengi ya haya. Lakini siyo kwa yote, na hapa ndipo pananoga.

KUSOMA KWA SAUTI

Andika 1. Sema unachokiona: moja ya 1. Andika hivyo kwa tarakimu: 11. Sasa unaona mbili za 1, andika 21. Sasa kuna moja ya 2 na moja ya 1, andika 1211. Endelea:

1
11
21
1211
111221
312211
13112221

Huu ni mchezo wa watoto. John Conway, Mwingereza aliyefundisha Cambridge na baadaye Princeton Marekani, aliuonyeshwa na mwanafunzi. Hakuucheka, alikaa akauchimba. Matokeo aliyachapisha mwaka 1986. Aligundua kuwa mistari inazidi kurefuka, na ukienda mbali kila mstari unakuwa mrefu kuliko uliotangulia kwa mara 1.3036 hivi, yaani kama asilimia 30. Namba hiyo haikutoka hewani, ni jibu la mlinganyo wa daraja la 71. Aligundua pia kwamba mistari inakatika vipande ambavyo haviingiliani tena, na vipande vya msingi ni 92, akavipa majina ya elementi za kemia kutoka haidrojeni mpaka urani.

Sasa angalia jambo hili. Katika mfuatano huu tarakimu 4 haitokei kamwe, ni 1, 2 na 3 tu. Maana yake mtu mwenye vidole vinane, au sita, au ishirini angeandika mfuatano huu huu. Ile hoja ya Hardy ya nguo na mtu haiugusi. Mchezo wa tarakimu umegeuka hisabati nzito, na haukubisha hodi. Conway alifariki Aprili 2020 kwa korona.

196, NAMBA ILIYOGOMA

Haya, nilichowaahidi mwanzoni.

Chukua namba, igeuze, jumlisha. 56 + 65 = 121. Hiyo 121 inasomeka sawa mbele na nyuma, wenyewe wanaiita palindromu. Ukiipata, umemaliza. Zingine zinachelewa kidogo: 87 + 78 = 165, 165 + 561 = 726, 726 + 627 = 1353, 1353 + 3531 = 4884. Hatua nne. 89 ni mkaidi, inahitaji hatua 24 mpaka ifike 8813200023188. Ila inafika. Kwa namba zilizo chini ya 10,000, kama asilimia 80 hivi zinafika ndani ya hatua nne.

Halafu kuna 196:

196 + 691 = 887
887 + 788 = 1675
1675 + 5761 = 7436
7436 + 6347 = 13783
13783 + 38731 = 52514

Na inaendelea. Mpaka lini? Hakuna anayejua.

John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Autodesk, aliiwekea kompyuta kazi hiyo mwezi Agosti 1987. Mashine ilijumlisha karibu miaka mitatu. Mei 1990 ilisimama kwenye hatua ya 2,415,836, namba ikiwa na tarakimu milioni moja, na hakuna palindromu iliyoonekana. Wengine wakaipokea kazi. Mwaka 2006 ilikuwa imefika tarakimu milioni 300. Mwaka 2015 ilifika bilioni moja. Kimya.

Namba zinazodhaniwa hazifiki kamwe zinaitwa namba za Lychrel, na 196 ndiyo ndogo kuliko zote zinazoshukiwa. Nasema "zinazoshukiwa" makusudi. Kwenye mfumo wa kuandika kwa mbili, ule wa kompyuta wa 0 na 1, imethibitishwa kuwa zipo namba za namna hiyo. 10110 ni mojawapo. Kwenye mfumo wetu wa kumi hakuna hata moja iliyothibitishwa. Tarakimu bilioni moja siyo uthibitisho. Huenda jibu liko hatua moja mbele ya pale mashine ilipozimwa, huenda halipo kabisa.

Mpwa wangu alipofika hapa alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hata mwalimu hajui?" Nikamwambia hajui. "Na wewe hujui?" Mimi ndiyo kabisa.

ZIDISHA MPAKA IBAKI MOJA

Mfano mwingine wa swali lililo wazi. Zidisha tarakimu za namba, kisha za jibu, mpaka ibaki tarakimu moja. 77: 7 mara 7 ni 49, 4 mara 9 ni 36, 3 mara 6 ni 18, 1 mara 8 ni 8. Hatua nne. 679 inakwenda 378, 168, 48, 32, 6. Hatua tano.

Namba ndogo kabisa kwa kila idadi ya hatua zinafanya mfuatano: 10, 25, 39, 77, 679, 6788, 68889, 2677889, 26888999, 3778888999, na ya hatua kumi na moja ni 277777788888899. Halafu basi. Neil Sloane aliliandikia suala hili mwaka 1973, na tangu hapo kompyuta zimepekua namba zenye tarakimu maelfu kwa maelfu bila kukuta yenye hatua 12. Inaaminika haipo. Kuamini na kuthibitisha ni vitu viwili tofauti.

ZINATUSAIDIA NINI?

Najua kuna mdau atauliza zinaleta ugali mezani? Swali halali. Nyingi haziuleti. Ila kuchezea tarakimu kwenyewe kunafanya kazi mfukoni mwako sasa hivi.

Mwaka 1954 Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliomba hataza ya njia ya kukamata makosa ya kuandika namba, akapewa 1960. Chukua 1964. Anzia kulia: 4 zidisha kwa 2, pata 8. 6 iache. 9 zidisha kwa 2, pata 18, na kwa kuwa imezidi 9 jumlisha tarakimu zake, 1 + 8 ni 9. 1 iache. Jumla: 8 + 6 + 9 + 1 = 24. Kufikia 30 inahitajika 6, basi iongeze mwishoni: 19646. Mtu akikosea tarakimu moja yoyote, jumla haitagawanyika kwa 10 na mashine itagoma. Akibadilisha nafasi za jirani wawili pia itakamata, isipokuwa 0 na 9 zikipishana.

Tarakimu ya mwisho kwenye kadi yako ya benki imepatikana hivyo. Na ukibonyeza *#06# kwenye simu unaona namba ya utambulisho yenye tarakimu 15; ile ya 15 ni ya ukaguzi huo huo. Mnakumbuka zilipozimwa simu feki, Kenya mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016? Watu walikuwa wanabonyeza *#06# kila kona. Lakini tuelewane: tarakimu ya ukaguzi inakwambia namba imeandikwa sawasawa tu. Kujua kama simu ni halali lazima namba itafutwe kwenye orodha ya simu zilizosajiliwa.

DAFTARI LA DUNIA

Huyo Sloane tuliyemtaja alianza kukusanya mifuatano ya namba mwaka 1964 akiwa mwanafunzi Cornell, Marekani. Mwaka 1973 akatoa kitabu chenye mifuatano 2,372. Mwaka 1995, akishirikiana na Simon Plouffe, akatoa kingine chenye 5,487. Mwaka 1996 akaiweka kwenye intaneti, anwani yake oeis.org. Leo ina mifuatano zaidi ya 380,000, na ni bure.

Matumizi yake ni rahisi. Umepata namba zinafuatana hujui ni nini? Ziandike, tenganisha kwa mkato, tafuta. Kila mfuatano una namba yake ya usajili. Namba za Kaprekar ni A006886. Harshad ni A005349. Mayatima wa Devlali ni A003052. Ule wa Conway ni A005150. Wanaoshukiwa pamoja na 196 ni A023108. Mifuatano inayotegemea mfumo wa kuandika namba inawekewa alama maalumu, kwa hiyo wenyewe hawafichi kwamba Hardy alikuwa na hoja. Wanaandika, wanaweka alama, wanasonga mbele. Na mtu yeyote anaruhusiwa kujisajili na kupeleka mfuatano wake, ukikaguliwa na kukubalika unaingia na jina lake.

TAHADHARI KIDOGO

Kabla hamjaanza: 6174 haina uhusiano wowote na nyota yako wala na mkeka wa kubeti. Mtu akikuuzia "namba ya siri ya Wahindi" mwambie umeshaiona sababu yake, ni 999 na 90 na majibu 54. Kitu ukishakijua kinavyofanya kazi, hakuna wa kukitumia kukuibia.

Nimalizie na mpwa wangu. Jioni ile alichukua daftari la mistari akaanza kugeuza na kujumlisha namba zote kuanzia 10. Alipofika 89 alikosea hatua ya tisa, akafuta, akarudia. Hataimaliza 196, nami najua hivyo. Ila amejua kuwa hisabati haijaisha, na kwamba mtu aliyeifungulia mlango mmojawapo alikuwa mwalimu wa shule kwenye mji mdogo, mshahara wake wa kawaida, chaki yake mkononi. Walimu wa namna hiyo tunao. Tuwaache wacheze, na watoto wetu nao wacheze.

Kazi kwenu wadau. Aliyepata mfuatano wake mwenyewe, au aliyekuta kosa kwenye hesabu zangu, aandike hapo chini kwenye maoni. Wenye namba za hatua saba kufika 6174, nazisubiri.